Hela ya Lulanguru

Ilianguka kwenye chekeche langu saa nne kasoro,
katikati ya mizizi na vigae na mavi ya mbuzi.
Nikadhani kizibo cha soda.
Nikaitemea mate, nikaisugua kwa pindo la kanga:
taji, mwaka 1916, na chini yake herufi T
imelala upande kama mlevi kwenye ukuta wa stesheni.
Nyuma, Regina akasoma: ishirini, HELLER.
Mimi nikasikia hela.

Kazi ikasimama.
Daktari Mwakalobo akaja na mizani ya betri,
akapima, akapima tena, akaandika, akafuta.
"Nyepesi," akasema. Halafu: "Lakini hazikulingana hata zile."
Regina, mwanafunzi wake, kapiga magoti na tochi:
"Ukingo umepinda. Hakuna kiwanda
kinachotoa kitu kibaya namna hii."
"Ndiyo maana. Hakikuwa kiwanda.
Ilikuwa karakana ya mabehewa,
vita mlangoni, meli hazifiki,
shaba ya maganda ya mizinga ikatiwa chunguni.
Ukiniletea nzuri, hiyo ndiyo nitaitilia shaka."

Akaitwa Sefu, sonara wa Gongoni,
akaja na baiskeli, suruali imefungwa kwa mpira.
Tochi hakuitaka. Aliinusa.
Akaiangusha juu ya sururu, sote tukanyamaza.
Ikalia tuk,
kama jino kwenye sahani ya bati.
"Ina risasi ndani."
"Risasi ya bunduki," akauliza Daktari, "au ya betri la gari?"
Sefu akacheka: "Risasi haina ukoo."

Kashindye mlinzi naye hakukubali kupitwa:
"Isevya yupo kijana, simtaji,
anazifua kwa koki mbovu na vipande vya bomba,
anazizika wiki tatu kwenye chumvi na mkojo wa ng'ombe,
anawauzia wageni wanaokwenda Kwihara."
Na aliyeizika hapa, nikauliza,
kina cha mkono mzima, alikuwa akimvizia nani?
Regina akamulika pembeni mwa shimo:
njia ya fuko.
Fuko hasomi tabaka. Ya juzi huitupa kwa mababu,
ya mababu akaileta juu, akaenda zake.

Wakabishana hadi ugali ukaota ngozi.
Mimi niliyeiokota
nikamfikiria aliyeibishia kwanza:
mpagazi, bega limechubuka, miguu ina funza,
kiganja kimejazwa vipande hivi.
Angekigonga wapi asikie kinavyolia,
na anayemlipa kashika bunduki?
Alifunga pembeni mwa shuka, akashukuru.
Mvua zikaja, bendera ikabadilishwa,
akaenda nazo dukani kununua chumvi,
mwenye duka akamtazama
kama mtoto anayelipa kwa kokoto.
Hapo halisi ikawa bandia
bila kupungua hata chembe.

Saa kumi na moja Daktari aliitia mfukoni,
mfuko wa plastiki, tabaka la nne, shimo la tatu,
na baada ya neno "sarafu" akachora alama ya kuuliza.
Sefu akadai hela ya kuacha duka.
Kashindye akakumbusha hela ya mkesha, ya wiki mbili.
Regina akasema maabara itataka hela, na hela hakuna.
Neno likapita kinywa kwa kinywa
limelika ukingo, taji limefutika,
hakuna aliyelinusa
wala kuliangusha juu ya sururu.

Yangu ya siku nilipewa mwisho.
Noti ya elfu kumi, mpya, inakwaruza.
Nikasema ahsante,
kisha nikaiinua kwenye jua lililobaki
nikautafuta ule uzi.