Kadi Kutoka Ruwi

Mbele ni barabara mpya, lami mbichi,
lori la Bedfodi limebeba mabomba,
duka la mafriji, na nguo kambani
mtu kasahau kuzianua kabla ya picha.
Vibarua wamejipanga ukutani,
macho wameyafinya kwa jua.

Nyuma, wino wa buluu umechujuka:
"Mauza, nimepata kazi ya mabomba.
Kiarabu changu kinawachekesha.
Joto la huku halina adabu,
linaingia bila hodi.
Mimi ndiye yule mwenye kofia."

Nimeazima lenzi ya sonara wa Matrah.
Wenye kofia ni saba.

Mama, kila tulipomwuliza,
aliweka kidole juu ya kichwa kingine,
na kila mara akasema: huyu,
hamwoni anavyosimama?