Mraba wa Kumi na Saba

Jumatatu daktari Falcão alimbandika binti yangu
miraba thelathini ya plasta mgongoni,
kila mmoja na tone la kitu nisichoweza kukitamka.
Usioge hadi Jumatano, akamwambia, usicheze mpira.
Constança ana miaka tisa. Akauliza kama anaruhusiwa kucheka.

Jumatano wakabandua.
Ngozi shwari, kama ukurasa wa daftari jipya,
isipokuwa mraba wa kumi na saba:
mwekundu, umefura kama uji unaoanza kuchemka.
"Rangi ya buluu," daktari akasema.
"Huwekwa kwenye nguo nyeusi. Zile zinazometa."

Nikalikumbuka vazi la jimnastiki.
Nililinunua mwenyewe, mama yake yuko Lyon,
nikalichagua kama nichaguavyo nyanya:
lenye kung'aa kuliko yote.
Mimi, mtoto wa Zulmira!

Mama alipiga pasi kola miaka thelathini na moja
hapa bondeni Ave, kiwanda cha chini ya daraja,
kitengo cha mashati yasiyojikunja.
Jioni alirudi macho yakimchuruzika kama mkata vitunguu,
harufu yake ikitangulia kubisha hodi.
Mjomba Belmiro alipofariki nikaingia chumba cha maiti,
nikasema kwa sauti: kumbe ndipo mama anapofanyia kazi.
Formalini. Dawa ile ile
inayomzuia maiti asioze
hulizuia shati lisikunjamane.
Watu walicheka matangani. Mama hakucheka.

Na mto!
Watoto wa bondeni tulijua kabla ya Paris
wanawake watavaa nini mwaka ujao;
tulikwenda darajani tukatazama maji.
Mwaka wa zambarau. Mwaka wa kijani cha chupa.
Mwaka mmoja yalikuja mekundu, siku ya Ijumaa Kuu,
na padri hakuyataja kwenye mahubiri.
Samaki hawakuwa na la kuchagua.
Walivaa kila kitu.

Siku hizi mto unapitisha maji ya rangi ya maji.
Viwanda vingi vimehama,
maana yake kuna mto mwingine, kwingine,
na mtoto mwingine darajani
aliyeliona vazi la binti yangu kabla yangu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema.
Walimaanisha chawa.
Chawa utamwona, utamponda kwa ukucha.

Nilirudi dukani na lebo kiganjani.
Inanieleza nguo niifue vipi, kwa digrii ngapi;
haisemi yenyewe ilioshwa na nini.
Msichana wa kaunta akaigeuza mara mbili.
"Polyesta," akasema taratibu, kama anayenipa pole,
huku akijikuna kifundo cha mkono,
pale sare yake inapoishia.

Basi nimejifunza uzeeni.
Nguo mpya naifua mara tatu kabla haijamgusa mtu,
maji ya kwanza nayakodolea macho ndani ya beseni.
Dukani nanusa bila haya, walinzi wamenizoea.
Naulizia pamba isiyopakwa dawa, yenye rangi yake ya kuzaliwa.
Ni ghali. Tumenunua moja badala ya nne.

Na shuka la kitani la mama,
alilofuma bibi yake, zito kama ubao wakati ule,
sasa laini kama sikio la sungura,
nimelikata. Mkono ulinitetemeka.
Fundi Deolinda amelishona shati la mazoezi
linalojikunja hata ukilitazama vibaya.

Constança analichukia. Anasema amevaa mto.
"Wa kulalia, baba," akaongeza, aliponiona nimeshtuka.
Siku ya mashindano wenzake walimeta kama samaki,
yeye akaruka na makunyanzi yake, akawa wa sita.

Usiku nilimfunua kidogo.
Mraba wa kumi na saba umebaki doa, kahawia.
Hajikuni. Amelala
na shati lile lile analolichukia,
limejikunja kila mahali.