Si Yupi, Kipi

Nyevu alisema, "Nataka kifaru."
Nikamuuliza yupi, mwenye pembe moja au mbili?
Akanitazama kama mwalimu aliyechoka:
"Si yupi, mjomba. Kipi."
Hapo nikajua mnyama ametoka chumbani
na chuma kimeingia.

Jumamosi nikafunga karakana mapema,
friji ya hoteli ikabaki inangoja gesi yake,
nikaenda kwa Famau Lali, nyuma ya soko la Malindi,
anakouza vilivyoachwa na Waitaliano wanaorudi kwao:
mashine za kahawa,
viatu vya kuteleza kwenye theluji (nani aliviteremsha huku?),
saa ya ukutani inayong'ang'ania saa za Roma,
na maboksi matatu ya vifaru vya kuunga,
yamepauka upande wa dirishani.

La kwanza lilikuwa na picha ya kutisha,
moshi, matope, anga jekundu.
Vipande mia nne na kumi na viwili.
Mnyororo wake unaungwa pingili kwa pingili,
kila pingili kama punje ya mtama.
"Hiki kilimshinda mwenyewe," Famau akasema,
"na alikuwa daktari wa meno.
Tazama, aliishia hatua ya tatu."

La pili, kifaru kinaenea kiganjani,
bei yake pakiti mbili za unga.
Nikalipenda kwa bei.
Lakini mzinga ni mwembamba kama chelewa,
na Nyevu bado anafunga kamba za viatu kwa hasira.

Nilipokuwa na miaka yake tisa
baba alinipa redio mbovu.
"Ukiiweza, yako."
Sikuiweza.
Miaka thelathini sasa natengeneza vya watu
na redio ile ingali inanikwaruza sikioni.

Nikachukua la tatu.
Vipande sitini na kitu, magurudumu manono,
mnyororo wa mpira, mzima mzima,
unavishwa kama bangili.
Nikaongeza msasa, gundi, kikoleo cha kukatia.
Famau akataka kunitilia na rangi;
nikamwambia rangi ni ya kifaru cha pili.

Dada yangu Dama alipoliona boksi
aliweka chini kichujio cha chai.
"Baba yake yumo ndani ya lenyewe, huko mpakani,
nawe waniletea mtoto wa hilo?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na risiti.
Alipogeuka, mtoto alikwisha lifungua.

Usiku tukakaa mkekani.
Nilimwonyesha mara moja tu: kata mbali kidogo na kipande,
kisha sugua, kisha jaribu bila gundi,
halafu gundi, kidogo, kama chumvi.
Mara ya pili mikono yangu nikaikalia.

Kwenye kimfuko kulikuwa na askari nusu,
ameishia kiunoni,
ameundwa achomekwe kwenye tundu la juu.
"Miguu yake iko wapi?"
"Haionekani akishaingia. Ndiyo maana hawakuitengeneza."
Alimgeuza, akamtazama pale chini alipokatikia.
Akamrudisha kwenye boksi.
Akaenda jikoni, akaja na kunde moja,
akaitumbukiza ndani ya kifaru.
"Huyu mzima," akasema.

Kifuniko hakukitia gundi.
Dama, mlangoni, aliona, asiseme kitu.
Baadaye tu akaleta chai, vikombe vitatu,
kimoja cha maziwa mengi.

Gurudumu la nne liko kinyume.
Ubavuni pana alama ya dole gumba
ambayo msasa wowote hautaiondoa.
Mzinga umeinama, kama mtu aliyeangusha sarafu.

Asubuhi nilipita kuchukua kikoleo changu.
Kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa leso ya mama yake,
nikanyoosha mkono.
"Usimguse, mjomba," akanong'ona. "Amelala."

Ngeli nilifundishwa, na fimbo zake nazikumbuka.
Sikumsahihisha.