Lali Halali

Saa nane na robo, na Lali halali.
Babu yake ndiye aliyechagua jina,
akasema ni la ukoo, lina baraka.
Hakusema kama lina usingizi.

Amekunja miguu hadi kitovuni,
uso umeiva rangi ya mabuyu ya dukani.
Analishika ziwa, analiacha,
analishika tena kama mtu aliyekumbuka deni,
kisha anajikaza, anapiga ukelele
unaopita dirishani, unavuka wikio,
unashuka kichochoroni hadi punda wa Famau
anainua kichwa na kumjibu.
"Basi wewe," namwambia punda, "usimfundishe."

Nimeacha mbaazi. Hilo lijulikane.
Mbaazi za nazi za Ijumaa asubuhi, na mahamri yake,
leo siku ya kumi na tisa.
Mama mkwe alisema ni kabichi. Nikaacha kabichi.
Wifi akasema ni maziwa. Nikanywa chai ya rangi.
Shangazi akanusa hewa ya chumba, akasema
"Mwana ana pepo ya ndiani,"
akamfunga mvuje mkononi kwa kitambaa cheusi,
na sasa analia vilevile, ila ananuka
kama kabati la mganga.
Nesi wa kliniki, binti ambaye hajazaa bado,
alinicheka kwa upole:
"Mama, ni hewa tu. Mcheulishe."
Ni hewa tu.
Kana kwamba tufani nayo si hewa tu.

Namweka begani, nampiga mgongo,
kiganja nimekikunja kikombe, pu, pu, pu,
kama anayebisha hodi kwa watu waliolala.
Anacheua kidogo. Maziwa yananishuka mgongoni,
yanalowesha jina la leso, herufi kwa herufi.
Nahesabu zidaka ukutani: ishirini na nne.
Jana zilikuwa ishirini na tatu.

Namlaza kifudifudi juu ya mkono wa kushoto,
tumbo kiganjani, shavu kwenye kiwiko,
miguu ikining'inia huku na huku
kama paka aliyelala juu ya ukuta.
Tunatembea. Mlango hadi dirisha, hatua tisa.
Dirisha hadi mlango, kumi. Sijui kwa nini.

Kikohozi ng'ambo ya kichochoro. Bi Mwanajaha.
Dirisha lake na langu yanaweza kupeana chumvi.
"Bado?"
"Bado."
"Mwendeshe baiskeli."
Amezaa saba, amezika wawili;
sauti yake haina haraka.

Namlaza chali. Nashika nyayo mbili
ndogo kuliko biskuti, nazungusha:
goti la kulia tumboni, goti la kushoto tumboni.
Katika mji ambao vichochoro vyake
havipitishi punda na mja mzito kwa pamoja,
mwanangu anaendesha baiskeli,
mbio, macho wazi,
ananitazama kana kwamba mimi
ndiye niliyepanga safari.

Stima inakatika. Feni inazunguka kwa mazoea,
inachoka, inasimama.
Gizani nasikia tumbo lake:
kitu kinasogea, kinaguna, kinageuka
kama kabati linaloshushwa ngazi nyembamba.
Naacha kupumua.
Kisha ushuzi,
mrefu, wa mtu mzima,
wa mzee aliyetoka kwenye pilau ya maulidi.

Kimya. Hata punda.

"Ametoa?"
"Ametoa."
"Alhamdulillahi." Na dirisha likafungwa.
Kesho Mkomani nzima itajua.
Na ijue.

Lali amelala, mdomo wazi,
kidole changu bado amekishika.
Na mimi niko macho, njaa imenikaba,
nawaza mbaazi.