Ziada

Mwezi wa tatu, mvua bado inapiga bati la biro,
na vumbi jekundu la Ruashi limegeuka uji mlangoni.
Nina faili la Kabwita Musonda, mchomeleaji,
namba mia nne na kumi na saba.
Najumlisha mara ya tatu,
na mara ya tatu jumla inakataa kushuka.

Amezidisha.

Miaka kumi na tisa nashika vitabu vya mfuko huu wa uzeeni,
nimezoea pungufu. Pungufu naijua kwa harufu:
mwezi uliorukwa, sahihi isiyokuwepo,
kampuni iliyokata ikasahau kupeleka.
Lakini zaidi?
Zaidi ilinifanya nivue miwani, niifute kwa kitenge.

Kumbe mwaka jana alikula sahani mbili:
hadi Juni kwa wale wa tanuru la shaba,
tangu Julai kwetu.
Wale wakakata, sisi tukakata,
kila mmoja akidhani mpaka wa mwaka ni wake peke yake,
na juu yake mwenyewe, kwa kalamu ya buluu,
aliandika: ongezeni kidogo kila mwezi.
Mikono mitatu ikitia chumvi katika sombe moja,
hakuna uliomwuliza mwenzake.

Nikamwita. Akaja saa ya chakula,
makovu ya cheche mikononi kama mbegu za ufuta,
akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kufukuzwa.

"Baba Kabwita," nikasema, "umeweka kupita mpaka.
Dola mia tatu sitini na mbili.
Zilipita bila kuonjwa na kodi,
na sasa kodi inabisha hodi.
Lazima zitoke kabla mwezi haujaisha,
zitoke na vitoto vyake, ile faida zilizozaa humo ndani,
dola kumi na moja,
ziandikwe kwenye tamko lako la mapato.
Zikibaki, zitalipiwa mara mbili:
leo kwa kuzidi,
na siku ya kuzichukua, kwa kuchukuliwa."

Hakujibu. Akatazama dirishani,
kule linakosimama bomba refu la moshi,
na kilima cheusi cha mabaki
kilichokaa mgongoni mwa mji kama deni.

"Mama," akasema, "baba yangu alifanya kazi miaka thelathini,
akarudi Katuba na bahasha moja na redio.
Redio ndiyo iliyodumu.
Nikaapa uzee wangu hautaomba unga kwa jirani.
Sasa unaniambia nimeupenda kupita sheria?"

Nilitafuta kanuni ya kujibu hilo.
Ya kumi na mbili haisemi.
Ya kumi na tatu inazungumzia mihuri.

Nikamwambia tu: "Maji ya bukari yakifurika,
mpishi hayatukani.
Anapunguza moto, anafuta jiko, anaendelea kusonga.
Hujaiba, baba. Umefurika."

Akasaini. Herufi zimenyooka kama mshono mzuri wa chuma.
Kisha akaomba kitu ambacho sijawahi kuombwa:
nakala ya ukurasa ule, yenye muhuri,
pale palipoandikwa ZIADA kando ya jina lake.
"Nina shemeji Kamalondo," akasema.
"Kila kilio, kila harusi, ananihesabia nilichopunguza."

Nikagonga muhuri mara mbili.

Jioni, kabla ya kufunga kabati,
nilivuta faili langu mwenyewe, namba ishirini na sita.
Miezi minne haimo.
Septemba hadi Desemba: ilikatwa kwenye mshahara wangu,
haikufika popote.
Mvua ilikuwa imeacha. Mlinzi alikuwa akitikisa funguo.
Nikachukua kalamu ya buluu, nikaanza:
Kwa Bwana Mkurugenzi.
Nikaandika tafadhali.
Nikaifuta.
Nikairudisha.
Nikaifuta tena.