Boliti ya Nne

Niliichora mimi, ghorofa ya tatu, penye kiyoyozi:
boliti ya nne ya pampu ya wakulima,
nyuma ya bomba, pembeni kidogo.
Kwenye skrini ilipendeza.
Niliizungusha pampu nzima kwa kidole,
kama mchuuzi anayesifia tikiti,
nikaandika chini: Yazhini, mhandisi.

Kisha wakanihamisha. Ndiyo desturi ya kiwanda chetu
hapa Coimbatore: mgeni apite kila idara,
ale vumbi la kila mlango.

Kwenye tanuri, Palanisamy hakuuliza nimesoma wapi.
Alinipa koleo.
Alikitazama chuma kinavyochemka, akasema, "Bado,"
kabla kipimajoto hakijasema lolote.
Umeona nini? nikamuuliza.
"Tazama tena kesho."
Nilitazama siku kumi na tisa.
Ya ishirini, tulisema "bado" kwa pamoja.

Kwa wahasibu nilijifunza gramu.
Bi Thenmozhi, akila wali wake na mtindi,
alinielekezea kijiko:
hizi milimita mbili ulizoongeza kwa usalama
ni mshahara wa fundi mmoja, mwaka mzima.
Usalama wa nani?
Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Mwisho, matengenezo. Kigari kibovu, barabara ya Erode,
shamba la manjano limeanza kusinyaa,
mwenyewe kashika kiuno, hakutuamkia.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa;
mgeni huyu ndiye aliyeuleta ugonjwa.
Nikalala kifudifudi kwenye tope.
Boliti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Ya nne
mkono haupiti,
spana haina pa kugeukia.

Fundi Murugavel akatoa mfukoni
spana iliyokatwa shingo na kupindwa,
alama za tupa bado mbichi.
"Kila mtu wa idara hii anayo," akasema.
"Kuna mjinga huko juu kaificha boliti nyuma ya bomba."

Ikaingia. Ikageuka.
Maji yalianza kwa kukohoa kutu,
kisha yakakumbuka njia.

Sikusema kitu shambani,
wala njiani, tope likinikaukia kwenye nyusi.
Tulipofika reli, kizuizi kimeshushwa,
garimoshi la mizigo likipita bila haraka,
nikasema: ni mimi.
Murugavel akahesabu mabehewa mpaka la mwisho.
Kisha akanyoosha mkono:
"Basi nirudishie spana yangu.
Yako kaichonge mwenyewe."