Jicho Lina Pacha

Musembi alikuja Jumamosi na pasi,
pasi ya nguo, ya mkewe,
na karatasi za mvule amezikunja kama mkeka.
Nusu milimita, akasema. Ukizishika vibaya zinapasuka.

Mimi ni binti wa mpasua mbao.
Baba asingeiita hii mbao.
Angegonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
asikie chipubodi ikimjibu kwa sauti ya sanduku tupu,
avae kofia yake, aende zake.

Lakini baba hakuwahi kulipa kodi South B.

Gundi ikanuka hadi kwenye ngazi.
Pasi ikapita polepole, pindo hadi pindo,
kama anayenyoosha shati la harusi,
na miaka ya mti ikalala ukutani:
mwaka wa mvua, mwaka mwembamba wa njaa,
na hapo, juu ya swichi, jicho.

"Hilo lina pacha," akasema, akifuta jasho.
"Gogo hukatwa slesi, kama mkate.
Slesi iliyofuata nimeibandika juu,
kwa yule mzee wa redio."

Miaka mitatu nimeigonga dari kwa mpini wa ufagio
nikimlaani mzee nisiyemjua jina.

Usiku redio ikaanza tena. Matangazo ya vifo,
majina, wajukuu, siku ya mazishi.
Nikauchukua ufagio.
Jicho likanitazama.

Nikaurudisha nyuma ya mlango,
nikapanda ngazi, mikono mitupu,
nikabisha hodi:
samahani, naomba kuuona ukuta wako.